Amana Hutunzwa Kwanza Nyumbani: Kumkumbuka Alphonse Desjardins



Mwezi wa Novemba Mama Kanisa hutualika kuwaombea marehemu wetu. Makaburi hufyekwa, mishumaa huwashwa, majina ya wapendwa wetu husomwa katika nia za Misa. Ni mwezi huo huo ambao mkulima wa Mamboya, kama wenzake wengi katika vilima vya Kilosa, huhangaika kutafuta fedha za mbegu na za vibarua. Akikosa, huenda ifikapo Februari akauza kwa bei ya kutupa mahindi yangali mabichi shambani, au akaingia katika ile mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina linaloistahili: kausha damu.

Kwa hiyo nimeona vema wiki hii tumkumbuke marehemu mmoja ambaye maisha yake yanagusa yote mawili, sala kwa marehemu na deni la maskini. Hakuwa padre wala mtawa. Alikuwa mlei Mkatoliki, mume wa mke mmoja na baba wa watoto 10, naye alianzisha benki ya majirani mezani pake. Jina lake ni Alphonse Desjardins.

Alizaliwa tarehe 5 Novemba 1854 katika mji wa Lévis, mkoani Quebec nchini Kanada, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Quebec. Mwaka 1879 alifunga ndoa na Dorimène Roy. Alifanya kazi ya uandishi wa habari, na kuanzia mwaka 1892 akawa mwandishi wa taarifa rasmi za mijadala katika Bunge la Kanada, mjini Ottawa. Mwaka 1897 alimsikia mbunge mmoja akieleza habari za mtu wa Montreal aliyekopa dola 150, naye akadaiwa riba hata ikafika dola 5,000. Wengi waliyasikia maneno hayo, wakasikitika, kisha wakaenda kula chakula chao. Desjardins yeye hakuweza kuyasahau.

Kwa miaka mitatu alisoma na kuandikiana barua na watu wa Ulaya waliokwisha kuanzisha vyama vya akiba na mikopo. Tarehe 6 Desemba 1900 aliwakusanya watu wa parokia yake, wakaunda chama cha kuweka na kukopa. Kilifunguliwa tarehe 23 Januari 1901. Amana ya kwanza ilikuwa senti 10, na mapato yote ya siku ile yalikuwa dola 26 na senti 40. Haba na haba hujaza kibaba, wasema wahenga wetu, lakini kibaba hicho kilihitaji mtu wa kukilinda.

Hapa ndipo, ndugu zangu, ninapotaka tusimame kidogo. Kwa miaka ya mwanzo ofisi ya chama ilikuwa nyumbani kwa Desjardins. Yeye alilazimika kukaa Ottawa miezi mingi wakati wa vikao vya Bunge. Ni nani basi aliyepokea fedha, akaandika daftari, akajibu maswali ya wanachama? Ni Dorimène mkewe, pamoja na malezi ya watoto na shughuli zote za nyumba. Tena wakati ule hapakuwa na sheria ya kukilinda chama. Kama fedha za majirani zingepotea, familia ile ingeweza kudaiwa mali yake yenyewe. Waliishi na hofu hiyo mpaka Bunge la Quebec lilipopitisha sheria mwaka 1906. Kwa maneno mengine, dhamana ya kwanza ya benki ile ilikuwa nyumba ya mume na mke waliokubaliana.

Nasema wazi: jambo hilo ndilo linalotupungukia. Tunavyo vikundi vingi, VICOBA na SACCOS, vyenye kisanduku cha kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vijiandikishe, na ni vema vifanye hivyo. Lakini hakuna kufuli inayozuia moyo wa mtunza hazina anayeikopa fedha ya mjane kimyakimya akisema atairudisha Jumamosi. Kikundi kinapovunjika tunalaumu umaskini. Mara nyingi umaskini hauna kosa. Kilichokufa ni uaminifu, nao ulianza kufa nyumbani kabla haujafa kikundini.

Ni mara ngapi baba huweka shamba rehani, na mama akapata habari siku wadai wanapofika mlangoni? Ni mara ngapi mama huchukua mkopo kwa siri, akaulipa kwa mkopo mwingine, mpaka amani ya nyumba ikatoweka? Mkopo uliofichwa kwa mwenzi wako umekwisha kuharibika kabla hujautumia. Desjardins na Dorimène walibeba mzigo mmoja kwa mabega mawili, ndiyo maana haukuwaangusha.

Yuko atakayeuliza: Padre, Kanisa na fedha vinahusiana nini? Vinahusiana sana, kwa sababu anayenyonywa kwa riba ni mtoto wa Mungu. Baba Mtakatifu Leo XIII aliikemea riba ya kinyonyaji mwaka 1891 katika waraka wake Rerum Novarum. Papa Pio X naye alimtunuku Desjardins nishani ya Mtakatifu Gregori Mkuu mwaka 1913. Hapa kwetu, Benki ya Mkombozi ilianza mwaka 2009 kwa juhudi za Maaskofu wetu. Hata hivyo benki kubwa ya mjini haiwezi kujua kwamba fulani wa kitongoji chetu ni mchapakazi asiye na hati ya nyumba. Jirani yake anajua. Desjardins aliuweka mpaka wa chama katika parokia kwa sababu hiyo: watu wanaofahamiana hukopeshana kwa kuangalia tabia, na kila mwanachama alikuwa na kura moja, awe na hisa nyingi au chache.

Sisi tayari tunazo Jumuiya Ndogo Ndogo, ambamo tunafahamiana kwa majina, misiba na furaha. Napendekeza mambo matatu. Mtunza hazina achaguliwe kwa jinsi anavyoishi nyumbani mwake, wala si kwa ufasaha wa maneno. Hesabu zisomwe hadharani kila mwezi, hata kama fedha ni kidogo. Na kila mkopo wa mwanandoa ujulikane kwa mwenzi wake.

Alphonse Desjardins alifariki tarehe 31 Oktoba 1920, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, baada ya kuugua kwa miaka kadhaa. Mkewe aliendelea kuwa mshauri wa vyama hivyo hadi alipofariki mwaka 1932. Zile senti 10 leo zimekuwa shirika kubwa la ushirika lenye wanachama na wateja zaidi ya milioni 7. Lakini mbele ya Mungu nadhani hesabu yao husomwa kwa namna nyingine: fedha za maskini zilikaa nyumbani mwao, na hazikupotea.

Tunapowaombea marehemu wetu mwezi huu, tuwaombee pia waliotutunzia amana kwa uaminifu. Na kama yupo kati yetu aliye na fedha ya kikundi mfukoni, airudishe kabla ya Jumapili.

Mungu awabariki nyote.