MGONJWA NYUMBANI: TUMSAIDIE KWA KIASI GANI?



Katika nyumba nyingi za Temeke na Kinondoni yumo mzazi aliyepatwa na kiharusi, akaruhusiwa kutoka hospitali, na sasa yu mikononi mwa wanawe. Huyu asema mama asiguse kitu. Yule asema aachwe ajaribu. Hata mabingwa wa uuguzi wamehitilafiana katika jambo hili. Basi na tuzipime kauli tatu.

Ya kwanza ni ya Florence Nightingale, Mwingereza, aliyeandika kitabu chake mwaka 1859. Yeye hutazama chumba kwanza: hewa safi, mwanga, usafi, chakula na utulivu. Nasi twamfungia mgonjwa madirisha, kisha wageni kumi wamkalia kitandani!

Ya pili ni ya Virginia Henderson, Mmarekani. Alihesabu haja 14 za mwanadamu, tangu kupumua na kula hata kuabudu kwa dini yake. Mwuguzi humfanyia mgonjwa yale ambayo angejifanyia mwenyewe lau angekuwa na nguvu, maarifa au nia, mpaka ajitegemee. Kwa kauli hii, kumtilia mama maji ya udhu ni uuguzi kama kumpa dawa.

Ya tatu ni ya Dorothea Orem, Mmarekani pia, katika kitabu cha mwaka 1971. Asiyeweza kitu hufanyiwa yote. Awezaye baadhi husaidiwa yaliyobaki. Awezaye yote hufundishwa na kutiwa moyo. Hapa ndipo mapenzi yetu yanapokosea. Kumlisha mama awezaye kunyanyua kijiko ni kumnyima mazoezi na heshima yake.

Kipimo hiki si kigeni kwetu. Mtume (s.a.w.) alimwambia Imran bin Husayn asali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, asipoweza, kwa ubavu. Mgonjwa hakuondolewa sala, wala hakutwikwa asiloliweza.

Basi kauli hizi zakamilishana: Nightingale atufundisha kutengeneza chumba, Henderson kuzijua haja, Orem kupima msaada. Kabla ya kumchukua mgonjwa wenu hospitalini, mwulizeni mwuguzi: ameza chakula salama? Ni lipi alifanye peke yake, na lipi tumsaidie? Kisha ndugu wote walishike jibu moja, wasimvute mgonjwa huku na huku.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.