Mto Nyabarongo Hauonwi kwa Dirisha la Basi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika kurasa zetu za Kiswahili nipate kutoa maoni yangu juu ya safari ya mwaka wa tano kwenda Nyamata. Desturi yetu yajulikana. Wanafunzi hupanda basi hapa Kabuga asubuhi, huteremka mbele ya kanisa la kumbukumbu, husikiliza maelezo, hutia sahihi katika kitabu cha wageni, kisha hurudi shuleni kuwahi chakula cha mchana. Safari hiyo ni njema na siombi iondolewe. Naomba jambo moja tu: mwaka huu wale wenye afya, na ambao wazazi wao wamekubali, waende kwa baisikeli.

Najua wengi watacheka. Mwaka jana hata mimi ningalicheka.

Bibi yangu anakaa Bugesera, ng'ambo ya mto Nyabarongo. Tangu utoto nimeuvuka mto huo kwa basi mara nyingi sana, na kama mtu angaliniuliza rangi ya maji yake nisingaliweza kumjibu. Mara nilikuwa nimelala, mara natazama simu, mara nimebanwa katikati ya abiria wawili nisione kitu. Likizo iliyopita kaka yangu aliniazima baisikeli yake. Nikazijaribu breki, nikatia upepo magurudumu, nikafunga pampu na chupa ya maji kwenye keria, nikaondoka Kabuga saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Njia yote ni kama kilometa 40. Nilipita Kanombe penye kiwanja cha ndege, nikapita Remera, na nilipofika Sonatube nikashika njia ya Kicukiro. Hapo ndipo yaanza barabara ninayotaka kuisema.

Kutoka Kicukiro barabara hupanda mpaka Nyanza. Nilisimama pale kwa sababu pumzi zilikuwa zimekwisha, si kwa sababu nyingine. Nikaona mahali pa kumbukumbu, nikaingia. Tarehe 11 Aprili 1994, katika siku za kwanza za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, askari Wabelgiji wa Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, wakawaacha watu zaidi ya 2,000 waliokimbilia kwao. Siku ile ile watu hao walitembezwa kwa miguu mpaka Nyanza, wakauawa. Haya nimeyasoma darasani, na nimeyajibu katika mtihani nikapata alama nzuri. Lakini asubuhi ile mapaja yaliniuma kwa kilima hicho hicho, nami ni kijana niliyekula mkate na kunywa chai. Nikawafikiri wazee, na akina mama wenye watoto mgongoni. Nilikuwa nimejua mwaka, tarehe na hesabu ya watu, lakini urefu wa njia sikuujua.

Tena, kilima hicho si kigeni kwetu. Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baisikeli yalifanyika Kigali, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kufanyika katika Afrika. Tarehe 21 waendeshaji walishindana mmoja mmoja na saa, na njia yao ilipanda Nyanza. Aliyeshinda kwa wanaume alikuwa Remco Evenepoel wa Ubelgiji. Sisi tulisimama kandokando ya barabara tukapiga makofi na kupeperusha bendera mpaka sauti zikakauka. Simlaumu kijana aliyezaliwa mwaka 2000 kwa jambo la mwaka 1994. Alishinda kwa jasho lake. Najilaumu mimi mwenyewe, kwa maana nilikitazama kilima kile nikihesabu dakika tu.

Baada ya Nyanza barabara hushuka kupita Gahanga, na bonde hufunguka mbele yako. Mafunjo yamejaa pande zote mbili, ukungu umelala juu yake, na katikati wapita mto wa rangi ya chai ya maziwa. Rangi hiyo ni udongo wa vilima vyetu uliochukuliwa na mvua. Mwenye kutaka kujua kwa nini mwalimu wa jiografia anasisitiza matuta, na atazame maji yale. Mto huu hutoka katika msitu wa Nyungwe, huenda kaskazini kwanza, kisha hugeuka mashariki na kusini kuizunguka Kigali. Hukutana na Akanyaru, baadaye huwa Akagera, huingia ziwa Victoria, na maji yake hutoka Jinja kwa jina la Nile mpaka Misri. Mwaka 1898 Daktari Richard Kandt, Mjerumani ambaye baadaye aliuanzisha mji wa Kigali mwaka 1907, aliufuata Nyabarongo kwa miguu pamoja na wapagazi wake mpaka chemchemi ya Rukarara, akitafuta chanzo cha Nile. Wazee wetu hawakungoja Kandt kuujua mto huu. Ng'ambo yake, Bugesera ilikuwa nchi yenye mwami wake mwenyewe kabla ya kutwaliwa na Rwanda. Na Mwami Yuhi Musinga, aliyetawala tangu 1896 hadi 1931, alikatazwa na mila kuuvuka Nyabarongo. Mto ambao mfalme hakuthubutu kuuvuka, sisi twauvuka tumelala.

Katika mteremko ule nilikutana na mzee mmoja mnyonzi. Kwa ndugu zetu waliomaliza zamani na kukaa mbali, wanyonzi ni wale wanaochukua abiria na mizigo kwa baisikeli. Yeye alikuwa amefunga madumu matupu nyuma, akirudi ng'ambo. Aliniona nikishuka mbio, akapiga kengele akaniita.

"Mwanangu, mteremko huu haupigani na shujaa. Shika breki zote mbili, kidogo kidogo, wala usiutazame mto kabla hujasimama."

Nikamshukuru, nikafanya kama alivyosema. Tulipofika darajani mzee alishuka, akavua kofia, akaisukuma baisikeli yake kwa miguu mpaka mwisho wa daraja. Mimi nami nikashuka, kwa kuwa niliona haya kubaki juu. Tulipofika ng'ambo nikamwuliza, "Mzee, ni sheria ya daraja?"

Akajibu, "Hapana. Ndugu zangu wawili hawana kaburi jingine." Kisha akavaa kofia yake, akapanda, akaenda zake.

Ndugu zangu wanafunzi, mwaka 1994 watu wengi walitupwa katika mto huu na katika Akagera. Miili ilifika mpaka ziwa Victoria, na wavuvi na wanakijiji wa Uganda waliiokota na kuizika. Makaburi yao yako Kasensero, Lambu na Ggolo. Kila mwaka wakati wa kumbukumbu watu huja ukingoni na kutupa maua majini. Haya yote niliwahi kuyasikia. Lakini basi la abiria huvuka daraja lile kwa muda wa kupiga chafya moja, wala halivui kofia.

Sasa nataka kuwajibu wale watakaonipinga, maana nimekwisha kuwasikia bwenini.

Wa kwanza husema kwamba barabara ina hatari. Ni kweli, na asiyeliona hilo hafai kuongoza safari. Malori hupita karibu, na mtelemko wa Gahanga humdanganya mtu. Kwa hiyo nashauri hivi. Twende siku ya Jumapili asubuhi mapema, magari yakiwa machache. Twende mstari mmoja, wala asiwepo wa kushindana na mwenziwe. Kila mmoja avae kofia ngumu na fulana yenye kung'aa. Baisikeli zikaguliwe siku moja mbele: breki, mnyororo, magurudumu. Mwalimu atangulie, na nyuma kabisa awepo mnyonzi mzoefu aliyelipwa ujira wake wa siku. Watakaochoka warudi kwa gari. Hatari ya barabara huondolewa kwa utaratibu. Kukaa bwenini hakumfundishi mtu kuendesha.

Wa pili husema kwamba kwenda mahali pa msiba kwa baisikeli ni kufanya mchezo. Neno hili ni zito, nami nimelifikiri sana, kwa sababu sikatai kwamba nilifurahi siku ile. Bonde ni zuri. Ndege waliruka juu ya mafunjo, jua lilipanda, watoto wa njiani walinipigia kelele za salamu, na moyo wangu ulicheka. Je, nilikosa adabu? Nilimwuliza bibi yangu, maana yeye ana haki ya kujibu kuliko mimi. Wazazi wake walikuwa miongoni mwa Watutsi waliofukuzwa kwao kuanzia mwaka 1959 na kupelekwa Bugesera, wakati huo ikiwa pori lenye mbung'o. Akaniambia, "Mjukuu wangu, mimi hulima viazi katika bonde hilo. Ungependa nilime nikilia kila siku? Cheka unapopaswa kucheka, na unyamaze unapopaswa kunyamaza." Hilo ndilo jibu langu. Tukiendesha kwa furaha, kisha tukashuka na kunyamaza Nyanza, na tena darajani, na tena Nyamata, tutakuwa na heshima kuliko tulivyokuwa ndani ya basi lenye muziki. Maana tusisahau kwamba basi letu la mwaka jana lilikuwa na muziki mpaka mlangoni pa kanisa, na hakuna aliyesema huo ni mchezo.

Na Nyamata kwenyewe kwataka mtu aliyetulia. Katika kanisa lile na kandokando yake waliuawa watu kama 10,000 mwezi wa Aprili 1994, na nguo zao zingali juu ya mabenchi. Nje yake pamezikwa Antonia Locatelli, mama wa Kiitalia aliyeuawa mwezi wa Machi 1992 kwa sababu alipiga simu kuzieleza redio za nje juu ya mauaji yaliyokuwa yakifanyika Bugesera. Mwaka 2023 mahali hapo paliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Mtu aliyetoka kwenye kiti cha basi huingia mle akiwa na maneno mengi kinywani. Mimi niliingia nimechoka, nikakaa kimya bila kuambiwa.

Wa tatu hawasemi wazi, lakini ndio wengi. Hao huona baisikeli ni chombo cha maskini. Tulimshangilia Evenepoel. Tunamheshimu Adrien Niyonshuti aliyebeba bendera ya Rwanda katika Olimpiki ya London mwaka 2012, na Valens Ndayisenga aliyeshinda Tour du Rwanda mwaka 2014 na 2016. Lakini mnyonzi akipita mbele ya lango letu na mikungu ya ndizi, twamwita kwa mluzi, na wengine humtupia maganda. Nimeona kwa macho yangu, na zamani nilikuwa mmoja wao. Kilima ni kile kile, jasho ni lile lile, ila mmoja ana kamera mbele yake na mwingine ana ndizi nyuma yake. Mwenye ndizi ndiye aliyenifundisha kushika breki na kuvua kofia.

Kwa ndugu zetu mliosoma hapa zamani nina maombi mawili. La kwanza, wale wenye baisikeli zilizolala ghalani, tuazimeni kwa siku moja; tutazirudisha zimeoshwa na kutiwa mafuta. La pili ni kubwa zaidi. Wengine wenu mmekuwa wahandisi na wakubwa katika kazi za barabara. Bugesera sasa yajengwa kiwanja kipya cha ndege, na magari katika bonde lile yatazidi kila mwaka. Mtakapochora barabara mezani, mkumbukeni mnyonzi. Mpeni nafasi yake pembeni, yenye mstari na upana wa kutosha, kwa maana alikuwapo barabarani kabla ya magari hayo, naye ana watoto wanaomngoja jioni.

Kwa Mwalimu Mkuu nasema kwa adabu: ukikubali, nitakuwa wa kwanza kuandika jina langu. Ukikataa, nitapanda basi pamoja na wenzangu bila kununa. Lakini nitaomba dereva asimame kabla ya daraja, azime muziki, tushuke wote tuvuke kwa miguu.

Ndimi,
Mwanafunzi, Mwaka wa Tano