Kabla ya Kuupanda Mlima Kenya

Likizo inapokaribia, akina mama hutuuliza nauli ya kuwapeleka watoto Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Kenya wakaone theluji. Ni safari njema, na theluji yenyewe inazidi kupungua. Lakini mtoto wa Jilore asiyeujua msitu wa Arabuko-Sokoke ila kwa mzigo wa kuni, huko mlimani ataona nini?

Tuanzeni nyuma ya nyumba, katika kilomita mraba 420 tulizojaaliwa. Tokeni baada ya Alfajiri, mchukueni muongozaji, kisha mnyamaze. Majani makavu yakichakarika, huenda ni sange: pua ndefu, nyuma rangi ya dhahabu, mbio za ajabu. Duniani kote hapatikani ila katika misitu michache ya pwani yetu ya Kenya. Hulala chini, ndani ya kirundo cha majani. Msitu ukifyekwa, hana pengine.

Muulizeni pia muongozaji habari za bundi wa Sokoke, asiyetimia shubiri. Watoto humrushia bundi mawe wakidhani ana nuksi. Huyu kazi yake ni kula wadudu.

Bebeni maji ya kunywa na ya udhu wa Adhuhuri. Msitegemee ya msituni.