Karani na Motakaa Kuukuu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti la chama chetu nipate kusema neno juu ya jambo linalozungumzwa sana masijala wakati wa chai, walakini halijaandikwa: namna sisi watumishi wa Serikali wenye mishahara midogo tununuavyo magari. Neno langu ni hili. Twanunua vibaya, wala sababu si umaskini wetu. Sababu ni kwamba tukitoka kazini twaiacha mezani ile akili tuliyofundishwa kazi kwayo.

Fikirini, ndugu zangu. Karani halipi hata risma moja ya karatasi pasipo ankara, hati ya malipo na sahihi ya aliyepokea. Akikuta tarakimu iliyofutwa ikaandikwa tena, huirudisha ilikotoka. Karani huyo huyo, siku ya Jumamosi, huchukua fedha za mkopo wa miaka mitano akamkabidhi dalali asiyemjua, kwa kuwa gari limepigwa rangi likang'aa, na dalali ameapa kwa jina la mama yake.

Sisemi haya kama mtu asiyepata kukosa. Nilinunua gari la kwanza kwa njia hiyo. Lilikuwa gari kubwa, la kutosha mimi, mke wangu, watoto watatu na mama mzazi. Nilipofika kulitazama nilikuta injini ina moto tayari. Muuzaji akasema ametoka nalo sokoni. Nilisadiki. Mwezi wa pili likachemsha njiani, maji yakaingia katika mafuta ya injini, na fundi akaniambia kwamba ugonjwa ule ulikuwamo tangu zamani, ila ulifichwa. Nikaliuza likatwe vipuri. Makato ya mkopo yakaendelea miezi 41. Kila mwisho wa mwezi nilipoitazama hati yangu ya mshahara niliona nalipia gari ambalo milango yake imekwisha kuvaliwa na magari ya watu wengine. Katika miezi hiyo mtoto wangu mkubwa alirudishwa nyumbani mara mbili kwa kukosa mchango wa shule. Hilo ndilo linalonifanya niandike.

Kwanza, tutazame hesabu. Sheria yataka theluthi moja ya mshahara wa mtumishi ibaki bila kukatwa. Wengi wetu twaichukua theluthi hiyo kama shauri jema, kumbe ni ukingo wa shimo tu. Afikaye ukingoni kwa ajili ya mkopo wa gari hana tena cha kulitilia gari hilo mafuta. Basi mwenye shilingi milioni 10 asitafute gari la milioni 10. Atafute la milioni 8, na milioni 2 zikae kando kwa kuhamisha umiliki, bima, tairi, betri, na yale ambayo gari kuukuu halikosi kuyadai katika miezi mitatu ya mwanzo.

Tena kuna mafuta. Mtu akaaye kilomita 15 kutoka kazini huenda kilomita 660 katika siku 22 za kazi. Gari liendalo kilomita 14 kwa lita litamla lita 47 hivi. Liendalo kilomita 8 litamla lita 82. Tofauti ni lita 35 kila mwezi, na mshahara ni ule ule.

Pili, ni gari gani? Yafaa tuchague lile ambalo kila fundi wa mtaani amekwisha kulifungua na kulifunga. Toyota IST na Probox, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 2002, na wenzao Raum na Fielder, zapatikana zenye injini ya ukubwa wa 1500. Injini ile hutumia mnyororo mahali pa mkanda wa taiming, kwa hiyo mwenyewe haogopi mkanda kukatika safarini; na vipuri vyake vyapatikana hata katika miji midogo. Si magari ya kujionyesha, lakini Probox hubeba watoto, magunia na godoro pasipo kulalamika. Ukipenda gari lenye giaboksi ya CVT, ujue kwamba hutaka mafuta yake maalumu. Likitiliwa mengine huharibika, na kulitengeneza ni gharama kubwa.

Tatu, tusidanganywe na namba. Siku hizi Tanzania watu husema, "Hili ni namba D, lile ni namba E," na bei hupanda kwa herufi. Herufi hiyo yaeleza wakati gari liliposajiliwa kwetu, wala haielezi mwaka lilipoundwa. Gari lililoundwa mwaka 2004 laweza kufika bandarini Dar es Salaam juzi likapewa namba E, na la mwaka 2008 likawa na namba C. Anunuaye herufi hununua kibao cha bati. Mwaka wa kuundwa umeandikwa katika kadi, usome huko.

Wala uzee peke yake si aibu ya gari. Kule Japani gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Kwa hiyo wengi huuza magari ambayo bado yana nguvu. Wahenga walisema, ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Linalotupasa ni kujua tumeshika kamba au ukambaa.

Na kujua kwenyewe ni hivi. Nenda asubuhi, umwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Weka mkono juu ya injini; ikiwa ina moto, rudi siku nyingine. Fungua kifuniko cha mafuta ya injini: ukiona utando mweupe kama maziwa, maji yameingia. Liwashe, utazame bomba la moshi. Moshi wa buluu ni mafuta ya injini yanayoungua. Mweusi ni petroli inayozidi. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni maji. Ufunguo ukifunguliwa, taa za dashibodi sharti ziwake zote kisha zizime. Isiyowaka kabisa huenda imeondolewa ili isiseme kweli. Mita ikisema kilomita 60,000 na pedali ya breki imelika hata mpira wake umekwisha, amini pedali. Tazama tairi: tarakimu nne za mwisho ubavuni zaeleza wiki na mwaka wa kutengenezwa. Kisha liendeshe katika barabara mbaya, siyo lami tu. Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.

Nne, karatasi, na hapa ndipo karani hana udhuru. Linganisha namba ya chesisi iliyo katika kadi na ile iliyogongwa katika bati. Hakikisha jina lililo katika kadi ni la huyo anayekuuzia. Uliza kama kadi iko kwake au imeshikwa na benki kwa deni. Chungulia katika mtandao wa polisi kama gari lina faini zisizolipwa. Fedha zisitoke mkononi mwako kabla mkataba haujatiwa sahihi mbele ya mwanasheria, na umiliki uhamishwe upesi, maana gari likigonga mtu kungali na jina la mwingine, mtasumbuka wote wawili.

Wako wasemao ni afadhali kuagiza kutoka Japani. Huenda, lakini kwanza wakatazame kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato. Juu ya bei na nauli ya meli kuna ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani, na ushuru wa uchakavu kwa magari yaliyopita miaka 8. Wengi wamefikisha gari bandarini wakakosa fedha za kulitoa.

Wako pia wasemao karani anunue kiwanja, gari ni anasa. Kwa kijana asiye na watoto, akaaye karibu na kazi, nakubali kabisa. Lakini aliyepata kusimama barabarani saa nane za usiku na mtoto mwenye homa kali, akingoja msaada usiokuja, hawezi kuliita gari anasa. Ila gari la kujionyesha kwa majirani, hilo ni anasa hata likiwa la bei ndogo.

Shauri langu kwa chama ni hili. Tumchague fundi mmoja mwaminifu, tumlipe ada ndogo kutoka mfuko wetu, akague gari la mwanachama yeyote kabla halijanunuliwa, naye aandike taarifa. SACCOS yetu isitoe mkopo wa gari pasipo taarifa hiyo. Na taarifa zote zitunzwe katika daftari moja, ili gari bovu lililokataliwa na mmoja lisije likauzwa kwa mwenzake wa chumba cha pili. Gharama ya ukaguzi ni ndogo. Nami nimekwisha kulipa gharama ya kukosa ukaguzi, kwa miezi 41.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo twaifuata kwa mali ya Serikali kila siku. Sasa tuifuate kwa yetu.

Ni mimi mwenzenu katika kazi,
Karani wa Masijala,
Morogoro