Jodhaa Hakununa, Wapenzi Wangu



Kila msimu wa harusi filamu ya Jodhaa Akbar hufufuka, na ugomvi wetu nao hufufuka. Rafiki mmoja anasema Aishwarya Rai kanuna masaa matatu na zaidi. Mwengine anasema Hrithik Roshan ndiye aliyeibeba, na ushahidi anao: tuzo ya Filmfare ya muigizaji bora kapata mwanamme, bibie hakupata. Wa tatu hana habari na uigizaji. Yeye anatazama mikufu na kipini, amuoneshe fundi.

Huyu wa tatu ndiye ninayegombana naye zaidi.

Jodhaa anaozwa kwa Akbar kwa maslahi ya ufalme wa baba yake. Hakuulizwa. Lakini kabla ya ndoa anatoa sharti mbili: asilazimishwe kubadili dini, na awe na pahala pake pa ibada ndani ya jumba. Hebu mtazameni Aishwarya hapo. Halii, midomo haitetemeki, sauti iko chini na macho hayaombi. Angelia angeonewa huruma tu, na yeye alikuwa anataka jibu. Mnaosema kanuna mmezoea filamu za Kihindi ambazo bila ya machozi hamjui kama mtu anaumia!

Na pale Maham Anga anapomlazimisha aonje chakula alichokipika mwenyewe, mbele ya watu? Hasira inampitia usoni, anaimeza, anaonja. Mwanamke yeyote aliyeolewa nyumba yenye wakubwa wengi anaijua sura ile. (Kwenye kuchezea upanga nakubali, hapo kakakamaa kidogo.)

Sisemi tuige ndoa yenyewe. Hukumu ya ndoa kama ile imo katika Suratul Baqara aya ya 221, na hata hilo jina Jodhaa wanahistoria wanalibishia. Nasema juu ya mdomo wa bi harusi. Sisi tumepewa haki hiyo na dini yetu: Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika Hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, kuwa sharti zenye haki zaidi ya kutimizwa ni zile za ndoa. Sasa niambieni, ni mabinti wangapi wanaolewa wakijua rangi ya maua ya ukumbini, na hawajui kama wataachiwa kumaliza chuo, au wataishi na nani? Akiuliza anaambiwa ana mdomo, posa itavunjika. Basi anakaa kimya, na miaka miwili baadae ndiyo tunamsikiliza analia.

Shoga yangu wa mikufu, lete simu yako tuitazame tena ile sehemu ya sharti. Na safari hii usiisimamishe picha kwenye kipini.