Turudi Dranya, na Turudi Pamoja

Ndugu zangu wa Koboko, Maracha na Arua mnaoishi Kampala, Bweyale, Jinja na Bombo, nawaandikia ninyi mnaolipa kodi ya chumba kila mwezi huku mashamba ya baba zenu yakimezwa na majani. Rudini nyumbani na familia zenu. Rudini Dranya, gombolola letu la Koboko, na kama kwenu ni Lobule, Ludara, Midia au Kuluba, rudini huko. Ila msirudi mmoja mmoja. Familia inayoshuka peke yake kwenye basi usiku, na magodoro na watoto wanne, ina nafasi ndogo ya kudumu. Familia kumi au kumi na tano za gombolola moja, zilizokaa kikao na kupanga kwa mwaka mzima, zinaweza kukaa na kustawi. Hilo ndilo ninalowaomba mlianze mwezi huu.

Hesabu ya Kampala mnaijua kuliko mimi. Muzigo wa chumba kimoja Bwaise au Kawempe, laki mbili kwa mwezi si ajabu, na mwenye nyumba anataka ya miezi kadhaa mkononi kabla hajakupa ufunguo. Maji ni ya kununua kwa mtungi, makaa kwa kopo, unga kwa kilo, na choo ni cha wapangaji wote. Mvua kubwa ikinyesha Bwaise, maji ya mfereji yanaingia ndani na wazazi wanakesha wamewabeba watoto. Baba anaamkia boda boda ambayo si yake, jioni ampelekee mwenyewe fedha yake kwanza. Mama anauza mihogo ya kukaanga kando ya barabara, mihogo ileile ambayo kwao ingeota nyuma ya nyumba. Mwisho wa mwezi kodi imelipwa na hakuna kilichobaki, na mwezi unaofuata ni hivyo hivyo.

Hatukufika huko kwa bahati mbaya. Tangu enzi ya Mwingereza, West Nile yetu ilifanywa ghala la vibarua. Babu zetu walipelekwa kukata miwa Lugazi na Kakira, na kwao hapakupewa zao la biashara kwa miaka mingi ili watu waendelee kushuka kusini. Baadaye ikaja tumbaku, iliyoleta fedha kidogo na kumaliza misitu kwa kuni za kukaushia. Kisha vikaja vita vya 1979 na vya mwaka uliofuata, vijiji vikakimbilia Zaire na Sudan, na wengi hawakuliona tena boma lao hadi baada ya 1986. Mtoto aliyezaliwa kambini alirudi akakuta kichaka, akapanda gari kwenda Kampala. Simlaumu. Ila barabara iliyotuchukua haikuwa ya lami. Leo lami inatoka Vurra, inapita Arua na Koboko hadi mpakani Oraba, na umeme wa gridi ya taifa umeshafika Arua baada ya miaka mingi ya kutegemea jenereta na bwawa dogo la Nyagak. Sababu nyingi zilizotutoa zimepungua. Iliyobaki ni mazoea, na hofu ya kurudi mikono mitupu.

Nisiwadanganye kuhusu gharama. Dranya si rahisi kwa kila kitu. Sukari, sabuni, mabati, misumari na daftari ni ghali kuliko Kampala, kwa sababu vimesafiri. Fedha taslimu ni ngumu kupatikana. Malaria ni nyingi. Eneo letu lote ni miongoni mwa yaliyoathirika zaidi Uganda, na mtoto aliyekulia mjini ataugua mwaka wa kwanza msipokuwa na vyandarua. Kinachoshuka ni kodi ya nyumba, chakula, maji, kuni na nauli ya shule. Kwa familia inayotumia zaidi ya nusu ya kipato chake kwa hayo, huo ndio uhai wenyewe. Na kwa biashara, tupo mahali pazuri kuliko wengi: Koboko inapakana na nchi mbili, Ariwara ya Kongo upande mmoja na Kaya ya Sudan Kusini upande mwingine. Kijana anayejua Kiswahili, Lingala kidogo na Kinubi cha sokoni hana haja ya kungoja ajira. Ana masoko matatu ya kuuzia karanga zake.

Sasa kwa nini pamoja? Kwanza, shule. Ruzuku ya serikali kwa shule za msingi za bure, mpango ulioanza 1997, huhesabiwa kwa idadi ya watoto walioandikishwa. Watoto wako wanne hawabadilishi kitu. Watoto hamsini wa familia kumi na tano wanabadilisha: fedha inaongezeka, hoja ya kuomba mwalimu mwingine inakuwa na uzito, na kamati ya wazazi inapata watu waliozoea kudai risiti. Chakula cha mchana vilevile. Shule nyingi za kijijini watoto wanashinda njaa kwa sababu wazazi hawajakubaliana juu ya debe la mahindi. Wazazi kumi na tano wanaokubaliana wanawavuta wengine.

Pili, dawa. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana wengi hawalijui. Kituo cha afya cha ngazi ya tatu, kama cha Dranya, hupata dawa kutoka bohari kuu ya taifa ya dawa kila baada ya miezi miwili. Kwa muda mrefu maboksi hayo yamepangwa kwa kiwango cha kituo, si kwa foleni ya siku hiyo. Watu wakiongezeka ghafla bila taarifa, dawa ya malaria inakwisha mapema, na anayeumia ni mama aliyekuwepo siku zote. Kwa hiyo mkijipanga kuja, pelekeni orodha ya familia zenu kwa kamati ya kituo na kwa gombolola kabla hamjafika, ili idadi iingie kwenye maombi yao. Mgeni anayekuja na orodha anapokelewa tofauti na yule anayeonekana tu kwenye foleni ya dawa.

Tatu, fedha ya muluka. Tangu Februari 2022, chini ya mpango wa maendeleo ya muluka, serikali imeweka shilingi milioni mia moja kwa kila muluka kwa mwaka, na kaya inaweza kukopeshwa hadi milioni moja. Fedha hiyo inawafuata wanaoishi hapo na kujiunga na vikundi vya hapo. Aliyeko Kawempe haandikwi Dranya. Kikundi cha familia zilizorudi, kikijisajili mapema kwa karanga, ufuta au mbuzi, kinaingia kwenye foleni kama wengine.

Lakini yote haya yanasimama juu ya ardhi, na ardhi ndiyo inayovunja warejeao wengi. Kwetu ardhi ni ya kimila, na Katiba ya 1995 imeitambua hivyo sawa na aina nyingine za umiliki. Mtu anarudi baada ya miaka ishirini, anakuta binamu amelima hadi mlangoni kwa marehemu baba, na siku ya kwanza inakuwa ya kelele. Mara nyingi huyo binamu hana kosa. Alilinda ardhi isivamiwe, akalisha watoto wake. Ndiyo maana nasema msianze na magodoro. Anzeni na kikao cha ukoo, mkiwa na wazee, mwenyekiti wa LC1 na majirani wa pande zote, wakati hakuna mtu mwenye haraka. Tembeeni mpakani kwa miguu. Pandeni miti ya mpaka siku hiyohiyo, mbele ya wote, kisha andikeni kwenye karatasi majina ya waliohudhuria na watie saini.

Baada ya hapo, nendeni mbali zaidi. Sheria ya Ardhi ya 1998 inaruhusu familia au mtu mmoja kuomba hati ya umiliki wa kimila. Maombi yanapitia kamati ya ardhi ya eneo, tangazo linabandikwa ili mwenye pingamizi aseme, kamati inakuja kuona mipaka, kisha bodi ya ardhi ya wilaya inaamua. Ni njia ndefu kidogo, lakini hati hiyo inaheshimiwa mahakamani. Familia kumi na tano zikiomba pamoja, kamati inakuja mara moja na kupima mashamba jirani kwa siku chache, badala ya kila mmoja kuibembeleza kivyake.

Na jina la mama liwemo. Nimekaa kwenye vikao vya ukoo na kuona mjane akiambiwa arudi kwao huku watoto wake wakisimama kando, na shemeji akihesabu mashina ya miembe. Sheria inasema ardhi inayoishi familia haiuzwi bila ridhaa ya mke au mume. Binti aliyezaliwa hapo naye ni mtoto wa hapo. Kikundi kinachorudi kikubaliane mapema, kwa maandishi, kwamba mjane au binti wa familia yoyote ndani yake hatafukuzwa. Bila hilo, kina mama watakuwa na haki ya kubaki Kampala, nami sitawashawishi vinginevyo.

Kwenu wazee na ndugu wa Dranya mliobaki, nanyi mna sehemu yenu, na ni kubwa. Msiwaite warejeao watu wa Kampala. Mwaka 2013 wilaya yetu ilitoa ardhi Lobule kwa wakimbizi wa Kongo, na wapo hadi leo. Tulijua tunachofanya, kwa sababu Kongo hiyohiyo ilitupokea sisi. Kama tuliweza kwa jirani, tutaweza kwa mtoto wa kaka. Waonyesheni kisima cha pampu na mchango wake wa kila mwezi, waingizeni kwenye kamati ya maji, wagawieni vipando vya muhogo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hamtaki kizazi kijacho kikute tena vichaka.

Kuna watakaosema serikali ndiyo iwarudishe watu. Tanzania ilijaribu mwaka 1983, kwa operesheni ya Nguvu Kazi: watu wasio na ajira walikamatwa mijini na kupelekwa mashambani, na wengi walirudi mjini walikotoka. Anayepelekwa hana shamba alilolichagua wala jirani anayemngoja. Kwetu mpango lazima utoke kwa wenyewe, kikao kwa kikao.

Sasa utaratibu. Mvua zetu zinaanza mwishoni mwa Machi au Aprili, zinazidi Agosti hadi Oktoba, na kiangazi kinaingia Desemba. Mwaka wa shule unaanza Februari. Kwa hiyo kila familia imtume mtu mmoja mnamo Machi, mwenye nguvu na subira, na wote hao wakae pamoja na kulimiana kwa zamu: leo shamba la huyu, kesho la yule. Wapande karanga na maharagwe mvua za kwanza, na muhogo kwa wingi. Vipando vichukuliwe vizuri. Ugonjwa wa batobato na wa michirizi ya kahawia umemaliza mashamba mengi, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Abi, karibu na Arua, kinaweza kuwaelekeza kwenye aina zinazostahimili kama NASE 14. Msikubali fimbo za bure kutoka shamba ambalo majani yake yamejikunja.

Nyumba ijengwe kiangazi. Tofali zinafyatuliwa Desemba na Januari, maji yakiwa bado karibu na jua kali, na nyasi za kuezekea zinakatwa kabla moto wa kiangazi haujapita, la sivyo utazinunua. Mkiweza kuchomea tanuru moja tofali za nyumba tatu, mtaokoa kuni nyingi, na kila tanuru lipandiwe miti mahali pake. Tumbaku ilituachia vilima vitupu, na sisi tusiongeze.

Familia zisafiri mwishoni mwa muhula wa tatu, Desemba, wakati ghala lina karanga na mahindi ya mvua za pili. Fedha ya kodi ya miezi mitatu ambayo mngempa mwenye nyumba, iwekwe kwa pamoja mkononi mwa mweka hazina mmoja, kwa daftari ambalo kila mtu anaweza kulifungua: ya nauli, vyandarua, chumvi, sare za shule na dharura ya hospitali ya Koboko. Kijana aliyezoea kazi ya mtandaoni au ya mobile money asiache simu yake. Mtandao upo, na kikundi kitahitaji mtu wa kupokea na kutuma fedha.

Jumapili hii, mkitoka kanisani, au Ijumaa baada ya sala, wakusanyeni wa gombolola lenu mlioko mtaa mmoja. Ulizaneni nani ana shamba na wapi, na baba mdogo yupi yuko hai ajuaye mipaka. Mpigieni simu siku hiyohiyo, na mumsalimie kwanza. Mtakapopanda basi Desemba, kila familia iwe na barua ya LC1 wa mtaa wa Kampala, barua ya uhamisho wa watoto kutoka shule, ripoti zao za muhula, na kadi za chanjo za wadogo, zote ndani ya mfuko wa plastiki usiolowa, mkononi mwa mama na si chini ya basi.