Daftari la Wiki: Waipa za Marehemu Baba

Jumatatu

Mvua imenikuta Jangwani, na mwenye kuijua Dar es Salaam hahitaji maelezo zaidi. Nikazungusha swichi. Waipa zikanyanyuka kama bibi anayeinuka mkekani, zikafika katikati ya kioo, zikasita, zikafikiri, kisha zikamalizia upande wa pili. Kufika huko, kioo kilikwisha kujaa maji tena. Nikashusha dirisha, nikatoa kichwa nje, nikaendesha hivyo huku kilemba kikinywa maji. Konda wa daladala lililokuwa nyuma yangu hakuwa na huruma: "Mama, lipaki pembeni hilo kobe!"

Kobe lenyewe ni Volkswagen Beetle ya 1965, urithi kutoka kwa marehemu baba. Injini nyuma, buti mbele, umeme volti 6. Linawaka kila asubuhi bila kubembelezwa. Tatizo lake ni mvua.

Jumanne

Fundi wa kwanza alisikiliza mlio wa mota kwa muda wa kupiga chafya mbili, akatoa hukumu: imekufa. Dawa yake ni kuhamisha gari zima kwenda volti 12, yaani betri mpya, jenereta, taa, honi, na mota ya waipa ya gari jingine ambayo yeye "ataifosi ikae". Nikamuuliza imekufaje na bado inazunguka. "Inazunguka, Mama, lakini haina nguvu." Nimewahi kusikia watu wakielezwa hivyo hospitalini, na wengine mpaka leo wanalima.

Fundi wa pili nilimpata eneo la Gerezani. Ni mzee wa umeme wa magari, anayefanyia kazi juu ya boksi la soda lililogeuzwa. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, wala hakuligusa gari kabla ya kunywa chai yake ikaisha. Ndipo akatoa mita.

"Tupime kwanza."

Betri: volti 6.2. Akanituma niwashe waipa, tukamwagia kioo maji (waipa haziwashwi kwenye kioo kikavu, hilo alinigombeza kabla sijakosea), naye akaingiza vidole nyuma ya dashibodi akapima palepale kwenye mota. Volti 4.5.

"Umeme wako unaliwa njiani," akasema. Volti moja na pointi saba imepotelea kwenye swichi yenye kutu, kwenye viungo vya nyaya vilivyooza, na zaidi ya yote kwenye ethi. Mota ile hupata ethi yake kupitia fremu inayoibeba, na fremu kupitia bati la bodi. Chini ya bolti kukikaa rangi na kutu, umeme hauna pa kurudia. Kwenye gari la volti 12, hasara ya namna hiyo inabakiza zaidi ya 10, na dereva pengine asigundue kitu. Kwenye volti 6 umepoteza zaidi ya robo ya ulichokuwa nacho. Mshahara mdogo hauvumilii makato.

Jumatano

Siku nzima Gerezani. Nimekaa kwenye ndoo, nimeshika tochi, na sijutii hata saa moja.

Kwenye Beetle mtambo wa waipa hufikiwa kwa kufungua buti la mbele, ambako huwa kuna kadibodi inayoficha mgongo wa dashibodi. Ukiitoa unaona nyaya zote, na katikati yake fremu ya bati imebeba mota, kimkono kinachozunguka, na fimbo mbili zinazokwenda kwenye shafti mbili za waipa. Mzee akafungua nati mbili za nje chini ya kioo, akafungua bolti ya ndani, kisha akautoa mtambo wote kwa kuupindapinda kama mtu anayetoa kiti kwenye mlango mwembamba.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuzitenga fimbo na mota. Akaigusisha mota peke yake kwenye betri. Ikazunguka kama feni.

"Hiyo ndiyo iliyokufa," nikasema. Mzee hakucheka. Akanipa shafti moja. "Zungusha."

Haikuzunguka. Nilitumia vidole, kisha kiganja, kisha kipande cha khanga ili nishike vizuri. Ikasogea kidogo kwa uchungu. Shafti hizo huzunguka ndani ya bushi, na grisi iliyowekwa huko zamani, pengine kabla sijaanza shule, ilikuwa imekauka ikawa rangi na ugumu wa sukari guru. Mota yetu ilikuwa inasukuma waipa na kusaga sukari guru kwa wakati mmoja, kwa volti 4.5. Kama ni mimi ningelala.

Akaziloweka kwenye mafuta ya taa tukaenda kula. Tuliporudi alichokoa uchafu kwa kijiti cha mshikaki, si kwa bisibisi, kwa sababu bushi ikichunwa shafti itacheza daima. Akapitisha msasa laini, akapaka grisi mpya kiasi cha punje ya mchele. Halafu akakwangua rangi chini ya bolti mpaka bati likang'aa, akafunga waya mmoja mnene kutoka fremu ya mota hadi kwenye bodi. Akasafisha meno ya swichi na vishikio vya fyuzi. Kupima tena: 5.8.

Spea iliyonunuliwa ni mita moja ya waya.

Alipokuwa anafunga, ulimi ulimlegea akanisimulia Ford za miaka ya 50 ambazo waipa zake hazikuwa na umeme kabisa, zilivutwa na mfyonzo wa hewa wa injini. Ukikanyaga mafuta kupanda mlima, mfyonzo unapungua na waipa zinasimama. Ukiachia, zinakimbia kama zimeona chui. Anasema alipanda Mombo hadi Lushoto kwenye mvua akiachia mafuta kila kona ili aone ile inayofuata.

Alhamisi

Hakuna mvua. Nimesoma.

Hataza ya waipa ya 1903 ni ya mwanamke, Mary Anderson wa Alabama, Marekani. Alikuwa kwenye tramu New York wakati wa baridi, akaona dereva anafungua kioo cha mbele ili aone njia, huku theluji ikiingia na abiria wote wakipigwa upepo. Akabuni mkono wenye mpira, unaovutwa kwa wenzo kutoka ndani. Kampuni moja ya Kanada ilimwandikia kwamba kitu hicho hakina thamani ya biashara. Hataza ikaisha muda 1920, magari yakaanza kutoka kiwandani na waipa, yeye hakupata kitu. Alifariki 1953.

Mwaka huohuo wa 1953 ndipo yalipoanza mashindano ya magari yaliyokuja kuitwa Safari Rally. Baba aliyapenda kuliko mpira. Kwa miaka mingi yalikimbizwa wakati wa Pasaka, masika yenyewe, kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakafika 7. Mwaka 1968 yakaondoka 93, yakafika 7 tena. Beetle ilishinda 1954, na tena 1962. Baba aliitaja 1962 kila tulipokwama kwenye tope, kana kwamba tope lingeona haya.

Ijumaa

Waipa sasa zina kasi, lakini zinafuta upande mmoja tu. Kwenda kimya, kurudi zinaruka na kukoroma, zikiacha mistari.

Wengi hapa hununua mipira mipya, na mimi nilinunua. Ikakoroma vilevile. Mpira wa waipa unapaswa kuburutwa ukiwa umelala kidogo, na kila mwisho wa safari ujigeuze ulalie upande wa pili. Mkono wa chuma ukiwa umepinda, mpira hauwezi kujigeuza, unachimba kioo kama jembe. Nilishika mkono kwa koleo mbili zilizofungwa kitambaa nikaupinda unywele mmoja, nikaangalia kwa kuchungulia kutoka pembeni, nikapinda tena. Mara ya tatu ukatulia.

Kioo nacho kina ngozi ya mafuta ambayo huioni mchana. Siki na gazeti vimeiondoa. Baba alikuwa akikata kiazi mbatata na kusugua kioo kwa upande uliokatwa: maji hayasimami matone, yanatandaa, unaona njia hata bila waipa. Mama alikuwa akihesabu viazi kabla ya kila safari.

Jirani ana Beetle ya 1970 ambayo maji ya kuoshea kioo yanasukumwa na upepo wa tairi la spea. Kuna vali ya kuzuia tairi lisiishe upepo kabisa. Hata hivyo simjui mtu aliyepata pancha kwenye gari hilo akakuta spea imejaa.

Jumapili

Saa nane usiku nikasikia bati la baraza. Nimeshuka na khanga, nikaingia kwenye gari, nikawasha.

Askari wa getini akaja na mwavuli akainama dirishani. "Mama, kuna mgonjwa? Unakwenda wapi saa hizi?"

"Siendi popote, baba. Nahesabu."

Akazitazama waipa zikienda na kurudi, zikienda na kurudi. Akazunguka upande wa pili, akakunja mwavuli, akaingia akakaa. Tulipofika thelathini na sita alinisahihisha kwamba ni thelathini na saba.